Chekeche mbili: namna ya kuchambua varianti adimu na za kawaida kwenye lehemu ya damu

Ukitaka kujua kama mpango wako wa uchambuzi una tundu, uulize swali moja: je, utaiona C679X? Hii ni varianti, yaani tofauti ya herufi kwenye DNA, ya jeni PCSK9. Aliyerithi nakala yake moja huishi na LDL, ile lehemu mbaya, iliyo chini kuliko ya wenzake tangu utotoni. Katika utafiti wa ARIC wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, walikaguliwa washiriki weusi 3,363. Asilimia 2.6 walibeba C679X au mwenzake, Y142X. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na katika miaka 15 ya kufuatiliwa, hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. C679X imeonekana pia Zimbabwe.

Sasa tazama wingi wake. Waliobeba C679X peke yake walikuwa asilimia 1.8 hivi, na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili za jeni, aleli yenyewe (nakala yenye varianti) ni asilimia 0.9 ya nakala zote. Chekeche la varianti za kawaida huwekwa kwenye asilimia 1 kwenda juu, nalo linaitupa. Chekeche la varianti adimu mara nyingi huwekwa chini ya asilimia 0.1, nalo linaitupa vilevile. Varianti yenye nguvu kubwa kiasi hicho imedondoka katikati ya chekeche mbili, na mchambuzi hana habari.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili, daktari au mtaalamu wa maabara mwenye sampuli zake na swali lake. Tunatumia LDL kwa sababu ina kila kitu: jeni moja ikiharibika huleta ugonjwa wa kifamilia, varianti za kawaida ni mamia na kila moja inasukuma kidogo, na hizi za katikati zipo. Shinikizo la damu na kisukari hufuata njia ileile, ila ishara zake ni hafifu zaidi.

Hesabu nakala, usihesabu asilimia

Watu 2,000 wana nakala 4,000. Varianti ya asilimia 30 utaikuta mara 1,200. Ya asilimia 1, mara 40. Ya asilimia 0.1, mara 4. Hesabu hii ya shule ya msingi ndiyo inayochagua mbinu: nakala 1,200 unaweza kuzilinganisha moja kwa moja na zilizobaki, nakala 4 hazikwambii kitu mpaka uziunganishe na varianti nyingine za jeni hiyohiyo.

Kwa mazoea, asilimia 5 na zaidi ni ya kawaida, 1 hadi 5 ni ya kati, chini ya 1 ni adimu. Lakini asilimia hiyo imehesabiwa kwa nani? Kilifi, takriban asilimia 15 ya watoto wana nakala moja ya selimundu. Norway ni nadra kuikuta. Varianti G1 na G2 za jeni APOL1, zinazomweka kwenye hatari ya figo mtu aliyerithi mbili, ni nyingi Afrika Magharibi, chache Ethiopia, na kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama hazipo. Ukichukua orodha ya "adimu" iliyotengenezwa Ulaya ukaitumia Mwanza, umepima mchele kwa mizani ya kupimia dhahabu.

Kisha fanya hesabu ya nguvu kabla ya kununua hata tyubu moja. Tuseme unataka nafasi ya asilimia 80 ya kuiona ishara iliyopo. Varianti ya kawaida ya asilimia 30, inayosogeza LDL kwa SD 0.05 (SD ni mchepuko sanifu), inahitaji watu 38,000 hivi ili thamani yake ya P (uwezekano wa bahati tupu kutoa ishara kubwa kiasi hicho) ivuke kizingiti cha 5×10⁻⁸. Varianti zinazoivunja PCSK9, zikihesabiwa kwa pamoja, husogeza LDL kwa karibu SD 0.9. Hizo zinahitaji wabebaji 38 kuvuka kizingiti cha jeni cha 2.5×10⁻⁶, na kama wabebaji ni asilimia 2.6, hao unawapata kwa watu 1,500. Mwenye sampuli 2,000 asipoteze bajeti yake akiwinda varianti mpya ya kawaida. Azithibitishe zilizojulikana, kisha nguvu zake azielekeze kwenye jeni zenye madhara makubwa, au aunganishe data yake na ya wenzake.

LDL yenyewe: hapa ndipo kazi nyingi huharibika

Maabara nyingi hazipimi LDL, zinaikokotoa. Kwa milimoli kwa lita, fomula ya Friedewald ni kolesteroli (lehemu) yote, toa HDL, ile lehemu nzuri, toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 2.2. Kwa miligramu kwa desilita unagawanya kwa 5. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L (400 mg/dL), fomula haifai: omba kipimo cha moja kwa moja au iache sampuli hiyo. Hakikisha pia kituo kimoja hakikutumia mmol na kingine mg. Kosa hili halipigi kelele. Linajitokeza baadaye kama "tofauti ya kimkoa" ya kushangaza.

Anayetumia statini usimwondoe. Ukimwondoa, umewatoa watu wenye LDL ya juu kuliko wote, wakiwemo wenye ugonjwa wa kifamilia ambao ndio unaowatafuta. Gawanya LDL yake kwa 0.7 ili kukadiria ilivyokuwa kabla ya dawa. Andika pia dawa za kufubaza VVU, kwa kuwa baadhi, hasa za kundi la vizuizi vya protisi, hupandisha lehemu. Wajawazito waweke kando. Rekodi umri, jinsia, uzito, urefu, kituo na tarehe ya kutoa damu.

Ukishamaliza, tengeneza safu mbili: LDL katika vipimo vyake halisi, na LDL iliyosawazishwa kwa umri na jinsia kisha ikapangwa upya ifuate umbo la kengele. Ya pili ni ya kukokotolea thamani ya P. Ya kwanza ni ya kumwelezea daktari, ambaye hana haja ya kusikia habari za SD 0.9.

Kama ugonjwa wako ni kisukari, jihadhari na HbA1c, kipimo cha sukari ya muda mrefu. Data ya Uganda iliyochapishwa 2019, yenye watu wapatao 6,400 waliopimwa kwa chipu (bamba linalosoma varianti zilizochaguliwa tu) na 1,978 waliosomwa jenomu nzima, ilionyesha kuwa upungufu wa kipande kwenye jeni za alfa-globini, ambao una wingi wa asilimia 22 huko, unahusiana na HbA1c. Varianti ya aina hiyo hugusa chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo HbA1c inazosomea sukari. Ukiitegemea HbA1c peke yake, unaweza kutangaza jeni ya kisukari kumbe umeikuta jeni ya damu.

Tyubu, chipu au kusoma mfuatano

Chukua damu mililita 4 kwenye tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Usitumie ya heparini, ya kijani, kwa kuwa heparini huzuia PCR, yaani kunakili DNA maabara. Siku chache kwenye nyuzi 4 hazina shida. Zaidi ya hapo gandisha. Baada ya kutoa DNA, uwiano wa 260/280 uwe karibu 1.8. Kiasi kipime kwa rangi inayong'aa ikishikana na DNA, kama Qubit, maana kipimo cha mwanga peke yake huhesabu na takataka. Chipu nyingi za Illumina huhitaji nanogramu 200 hivi.

Chipu inatosha kwa varianti za kawaida. Ile ya H3Africa, mradi wa jenetiki wa Afrika, ina varianti milioni 2.3 zilizochaguliwa kwa kuzingatia Waafrika, na ni afadhali kuliko chipu ya zamani iliyobuniwa kwa Wazungu. Kwa varianti adimu, usiiamini. Chipu hutambua aleli kwa kugawa sampuli katika mafungu matatu ya mwanga. Fungu lenye mtu mmoja kati ya 5,000 haina namna ya kulitofautisha na doa. Utafiti wa 2021 kwa watu karibu 50,000 wa UK Biobank, hifadhi ya data za afya ya Uingereza, ulikuta kwamba kwa varianti zenye wingi chini ya asilimia 0.001, majibu chanya ya chipu yaliyokuwa ya kweli ni asilimia 16 tu. Kwa varianti hatari za BRCA, zilizokuwa kweli ni asilimia 4.2. Yaani kati ya wanawake 25 ambao chipu ingewaambia wanabeba hatari hiyo ya saratani ya matiti, mmoja ndiye angekuwa nayo.

Kwa varianti adimu unahitaji kusoma mfuatano, na kina cha usomaji ndicho kinachoamua. Chukua mtu mwenye nakala moja nzima na moja yenye varianti, eneo limesomwa mara 4. Kila usomaji ni kama kurusha sarafu. Uwezekano wa kuiona varianti mara 0 au mara 1 tu ni 5 kati ya 16, karibu asilimia 31, na programu nyingi zikiiona mara moja tu huidhania kosa la mashine. Kwa kina cha 4 unampoteza karibu mbebaji mmoja kati ya watatu. Kwa varianti ya kawaida hasara hiyo hufidiwa na majirani zake kwenye kromosomu. Varianti adimu haina wa kuitetea. Kina cha 30 ndicho salama. Pesa zisipotosha, soma eksomu, ile sehemu ndogo ya jenomu inayotengeneza protini, kwa watu wote, au soma jenomu nzima ya wenye LDL ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Kusafisha

Kwa programu ya PLINK, ondoa kwanza varianti zilizoharibika vibaya (--geno), ndipo uwakague watu (--mind). Ukigeuza utaratibu, utawatupa watu wasio na tatizo kwa makosa ya chipu.

plink2 --bfile ghafi --geno 0.1 --make-bed --out hatua1
plink2 --bfile hatua1 --mind 0.02 --make-bed --out hatua2
plink2 --bfile hatua2 --geno 0.02 --hwe 1e-6 --make-bed --out safi

Angalia kwamba hakuna --maf hapo. Chekeche la wingi liwekwe wakati wa kupima. Ukiliweka kwenye usafi, C679X imekwenda na huna pa kuirudisha.

Linganisha jinsia ya kwenye fomu na ya kwenye kromosomu X: F (kipimo cha ufanano wa nakala za X) chini ya 0.2 ni mwanamke, zaidi ya 0.8 ni mwanamume. Wasiolingana wakiwa wawili wawili kwenye sahani moja, kuna aliyebadilisha tyubu, na huenda waliobadilishana wa jinsia moja wapo pia ila hawaonekani.

Kizingiti cha Hardy-Weinberg (--hwe, kinacholinganisha idadi ya wenye nakala 0, 1 na 2 na ile inayotarajiwa) kina mtego hapa kwetu. Kwa watu wazima wa ukanda wa malaria, wenye nakala mbili za selimundu ni wachache kuliko hesabu inavyotaka, kwa sababu wengi wao hufariki utotoni. Programu itaiona rs334, yaani varianti ya selimundu, imepinda na inaweza kuitupa kama kosa la maabara. Kabla ya kufuta zilizoanguka, pitia orodha kwa macho.

rs334 yenyewe inafundisha kosa lingine. Vitabu husema A imegeuka T. Kwenye faili utakuta T imegeuka A, kwa kuwa jeni HBB husomwa kwenye uzi wa pili wa DNA. Na kwa vile A hushikana na T, ukigeuza uzi herufi zinabaki zilezile mbili, kwa hiyo programu haiwezi kugundua kwamba chipu moja imeandika kwa uzi huu na nyingine kwa ule. Ukiunganisha data mbili za namna hiyo, wagonjwa wanakuwa wazima na wazima wanakuwa wagonjwa. Kinga ni kutazama wingi: aleli ya selimundu ikisoma asilimia 92, imegeuzwa. Varianti zote za A na T au C na G zenye wingi karibu na asilimia 50 zitoe, maana hapo wingi haukusaidii.

Andika pia toleo la ramani ya jenomu kwenye jina la kila faili. rs334 ipo 11:5248232 kwenye GRCh37 na 11:5227002 kwenye GRCh38. Ukichanganya matoleo hayo mawili, programu haitalalamika. Itakupa majibu ya varianti nyingine.

Asili na undugu

Pwani, Kanda ya Ziwa na Bonde la Ufa zina watu wa asili mbalimbali: Wabantu, Waniloti, Wakushi, na mchanganyiko wa karne nyingi. Chakula pia kinatofautiana, na LDL hufuata chakula. Usiporekebisha, kila varianti inayotofautisha asili itaonekana inahusiana na lehemu.

Punguza varianti zinazorithiwa pamoja (--indep-pairwise 500kb 0.2), toa eneo la HLA, la jeni za kinga ya mwili, kwenye kromosomu 6 kati ya herufi ya milioni 25 na ya 34, kisha kokotoa vijenzi vikuu 10 (mihimili inayofupisha tofauti za asili kati ya watu) uviingize kwenye modeli. Vichore. Kijenzi kinachomtenga mtu mmoja au ukoo mmoja ni cha familia, hakina habari ya asili. Rudia bila wao.

Ukikusanya sampuli kijijini, hutakosa ndugu, hata kama fomu zinasema hapana. Kwa kigezo cha KING, programu ya kupima undugu, zaidi ya 0.354 ni mtu yuleyule au mapacha wa kufanana, 0.177 hadi hapo ni mzazi na mtoto au ndugu wa tumbo moja, 0.0884 hadi 0.177 ni mjukuu na babu, au mtu na mjomba wake. Usiwatupe wote. Modeli mseto, inayouhesabu undugu ndani yake, inawabeba, na kwa varianti adimu ndugu ni mali: kama kaka na dada wote wana LDL ya 7 mmol/L na wote wanaibeba varianti ileile ya LDLR, jeni ya kipokezi cha LDL, hapo pana cha kufuatilia.

Varianti za kawaida

Chipu haipimi kila kitu, hivyo unajazia zilizobaki kwa kutumia kundi rejea la watu waliosomwa jenomu nzima. Kundi hilo lifanane na watu wako. Utafiti wa malaria wa Gambia wa 2009 unaonyesha gharama ya kutofanana: selimundu, varianti inayokinga malaria kali kuliko zote tunazozijua, ilitoa ishara ya 4×10⁻⁷ tu, chini ya kizingiti. Watafiti waliposoma mfuatano wa Wagambia wenyewe na kujazia upya, ishara ikaruka hadi 4×10⁻¹⁴. Watoto walikuwa walewale na malaria ileile. Baada ya kujazia, kwa varianti za kawaida baki na ubora wa 0.3 kwenda juu. Kwa za chini ya asilimia 5, dai 0.8.

Upimaji wenyewe ni mwepesi. Programu ya REGENIE hufanya hatua mbili: ya kwanza hujifunza mchango wa jenomu nzima kwa varianti kama laki tano za kawaida, ya pili hupima varianti moja moja. Kizingiti cha 5×10⁻⁸ kilitokana na kukadiria vipimo huru milioni moja kwa Wazungu. Waafrika wana vipande vifupi vinavyorithiwa pamoja, hivyo vipimo huru ni vingi zaidi, na wapo wanaoshuka hadi 5×10⁻⁹. Faida ya ufupi huo ni kwamba unapopata ishara, washukiwa ni wachache.

Ukipata lambda (kipimo cha jinsi ishara zote zilivyovimba; 1 ndiyo safi) ya 1.2 kwenye sampuli 2,000, usianze kuandika makala. Rudi kwenye undugu na asili.

Varianti adimu

Kwanza kila varianti ipewe maelezo kwa programu ya VEP: inasimamisha protini kabla ya wakati, inaharibu kiungo cha eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye ujumbe wake), inabadilisha asidi amino moja, au haifanyi kitu. Kisha unatengeneza vikapu kwa kila jeni. Viwili vinatosha kuanzia: kikapu cha zinazovunja jeni, na kikapu cha hizo pamoja na zinazobadilisha asidi amino zenye alama ya REVEL, inayokadiria madhara kwa 0 hadi 1, zaidi ya 0.5.

regenie --step 2 --pgen safi_eksomu --phenoFile ldl.txt --covarFile vijenzi.txt --pred hatua1_pred.list --bsize 400 --anno-file maelezo.txt --set-list jeni.txt --mask-def vikapu.txt --aaf-bins 0.001,0.01,0.02 --vc-tests skato --out adimu

Ile 0.02 imewekwa kwa makusudi. C679X ina wingi wa asilimia 0.9, na kwa watu 2,000 unategemea nakala 36. Bahati tu inaweza kukupa 30 au 43. Ukipata 43, sampuli yako imevuka asilimia 1, na kikapu cha 0.01 kimeiacha nje ilhali mwenzako wa mji mwingine anayo ndani. Mpaka usiwekwe pale ambapo varianti muhimu imekaa ukutani.

Kuna na chekeche la tatu, na hili huwanasa hata wazoefu. Zana kama LOFTEE hukagua varianti za kusimamisha protini na kuzitilia mashaka zile zilizo mwishoni mwa jeni, kwa hoja kwamba protini iliyokosa mkia mdogo bado hufanya kazi. Kwa kawaida hoja hiyo ni ya kweli. C679X inasimamisha protini ikiwa imebaki asidi amino 14 kati ya 692, kwenye eksoni ya mwisho, kwa hiyo ni mshukiwa wa kwanza wa kuwekwa kando. Lakini protini ya PCSK9 iliyokatwa hapo hukwama ndani ya seli, haitoki kwenda kwenye damu, na PCSK9 isiyotoka haiwezi kuharibu vipokezi vya LDL vilivyo juu ya ini. Kwa jeni unazozijua vizuri, fungua orodha ya zilizotiliwa mashaka uisome mwenyewe.

Tatizo lingine ni mwelekeo. Kipimo cha mzigo hujumlisha wabebaji wote kana kwamba wanasukumwa upande mmoja. PCSK9 ina pande mbili. Jeni hii ilijulikana 2003 kwa sababu ya familia za Ufaransa zenye LDL ya juu sana, ambazo varianti zao ziliipa protini nguvu kupita kiasi. D374Y nayo huipa protini nguvu. C679X na Y142X huishusha. Ukizitia zote kapu moja, za kupandisha na za kushusha zinafutana, na jeni iliyozaa dawa za evolocumab na alirocumab inatoka na P ya 0.4. Kipimo kingine, SKAT, hakijali mwelekeo, na SKAT-O huchanganya mbinu zote mbili, ndiyo maana imo kwenye amri hapo juu. Kwa LDLR, ambako karibu kila uharibifu unapandisha LDL, kipimo cha mzigo cha kawaida ndicho chenye nguvu.

Kizingiti ni 0.05 gawa kwa jeni 20,000, yaani 2.5×10⁻⁶. Jeni yenye wabebaji chini ya 10 usiitangaze, hata P iwe nzuri vipi. Ondoa mbebaji mmoja mmoja, upime upya, na utaona mara nyingi ishara yote ilimtegemea mtu mmoja mwenye LDL ya 11. Vijenzi vikuu navyo havikulindi sana huku: varianti adimu ni changa, aghalabu ya tarafa moja au ukoo mmoja, na vijenzi vilivyotokana na varianti za kawaida za zamani havioni tofauti ndogo hivyo.

Kuzikutanisha

Ishara ya kawaida inaweza kuwa kivuli cha adimu iliyo jirani, na kinyume chake. Ukipata ishara mpya karibu na PCSK9, pima tena huku C679X na Y142X zikiwa ndani ya modeli (--condition-list). Ikitoweka, haikuwa mpya.

Kwa mtu mmoja, aina hizi mbili huongezeana. Uchambuzi wa 2020 wa UK Biobank uliwatazama wabebaji wa varianti za lehemu ya kifamilia na kukadiria hatari yao ya ugonjwa wa moyo kufikia miaka 75. Ilitoka asilimia 17 kwa wenye mzigo mdogo wa varianti za kawaida, hadi asilimia 78 kwa wenye mzigo mkubwa. Kwa hiyo "anayo" au "hana" ni nusu ya jibu hata kwenye jeni yenye nguvu.

Ila alama hizo za mzigo wa kawaida nyingi zimetengenezwa kwa Wazungu, na kwa Waafrika usahihi wake hushuka sana. Ukilazimika kuzitumia, pima kila mtu dhidi ya watu wa kundi lake, baada ya kuondoa mchango wa vijenzi vikuu. Ukizilinganisha moja kwa moja na wastani wa Uingereza, kijiji kizima kitaonekana kina hatari kubwa, au hakina hatari kabisa, kwa sababu isiyohusiana na moyo.

Kabla ya kumwambia mtu

Majibu ya utafiti si majibu ya hospitali. Varianti utakayomrudishia mshiriki ithibitishwe kwa Sanger, njia ya kusoma kipande kimoja cha DNA, kwenye tyubu ya pili, iliyochukuliwa upya. Angalia ClinVar, hifadhi ya varianti na magonjwa yake, kisha angalia gnomAD, hifadhi ya wingi wa varianti, kwa wingi wa juu kabisa kati ya makundi yote, usiishie kwenye wastani wa dunia. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba varianti kadhaa zilizokuwa zikihesabiwa kusababisha unene wa misuli ya moyo zilikuwa za kawaida kwa Wamarekani weusi, na baadhi yao walikuwa wameambiwa wana ugonjwa wasiokuwa nao. Varianti iliyo kwa asilimia 3 ya majirani wazima haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa mkali unaompata mtu mmoja kati ya 500.

Idhini ya kurudisha majibu ichukuliwe mwanzoni. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009; Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na cha kamati ya maadili. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi apelekwe kliniki hata kama hukuona varianti yoyote, maana matibabu yake hayasubiri jeni.

Na kabla ya kuituma kazi, tafuta vitu viwili kwenye matokeo yako: rs7412 ya APOE, ambayo kwa sampuli za Afrika ndiyo ishara ya kawaida ya LDL inayopaswa kujitokeza kabla ya nyingine, na rs28362286, ambayo ndiyo C679X. Ya kwanza ikikosekana, rudi kwenye kipimo cha LDL na kundi rejea. Ya pili ikikosekana, fungua faili ghafi na uifuate hatua kwa hatua mpaka uone ni chekeche lipi limeitupa.